Rangi ya Kucha kwenye Lampi Mbili

Kabla hujagusa chochote ndani ya ampli, kile chombo cha kukuza sauti, weka mkono wako wa kushoto mfukoni na uuache huko huko. Fanya kazi kwa mkono wa kulia peke yake. Najua mtacheka, ninyi mnaokuja kwangu kwa baiskeli kutoka kambi ya Mantapala, bodi zenu za redio za gari mmezifunga kwenye mifuko ya plastiki. Chekeni tu. Mimi nimelehemu waya maisha yangu yote, Pweto ng'ambo ya ziwa kwanza, na baadaye hapa Nchelenge, na vidole vyangu kumi bado ninavyo. Umeme ukiingia mkononi na kutokea mguuni, utaruka na kutukana. Ukiingia mkono huu na kutokea mkono ule, umepita kwenye moyo, na hapo hutapata nafasi ya kutukana.

Mwezi uliopita mliniuliza swali, nikajifanya nimezibwa masikio. Mliuliza kwa nini Ba Chola, yule mzee fundi wa mashua aliyetusaidia kutengeneza kasha la ampli yenu, alitoa vitu vyote mifukoni na kuvipanga juu ya meza yangu kabla ya kwenda nyumbani. Mmoja wenu alidhani uzee umemzidi. Haujamzidi. Nitawajibu, lakini mnivumilie, maana jibu lenyewe si la kujivunia na siwezi kuliingia moja kwa moja.

Aliyenifundisha habari ya mkono mfukoni ni Papa Mukalay, fundi wa redio wa Pweto, mtu mfupi mwenye koti moja. Mfuko wa kushoto wa koti lile ulikuwa umeshonwa na kushonwa tena kwa jinsi mkono ulivyoutoboa. Yeye hakuamini kitu. Akinunua waya aliulamba. Akiletewa redio iliyokufa aliinusa kwanza, kisha akamnusa na mwenyewe.

"Angaria, we mutoto," aliniambia siku ya kwanza. "Bantu banasema kama umetosha prizi, moto imeisha. Ni bongo. Iko mule ndani mu kondensa, inakungoja paka weye."

Yaani ni uongo kwamba ukichomoa plagi umeme umekwisha; umo ndani, unakungoja wewe tu. Sikumsikiliza. Nilifungua ampli iliyokuwa imechomolewa tangu jana yake, nikashika pale nisipotakiwa kushika, nikajikuta nimekalia tenga la kuku wa jirani. Kuku wawili hawakutaga tena. Kwa hiyo sikieni: kondensa kubwa huhifadhi umeme hata baada ya kuchomoa. Chukua balbu ya zamani, ile ya waya ndani, iunganishe na waya mbili, uziguse kwenye pande zote mbili za kondensa mpaka balbu izime kabisa. Halafu rudia. Halafu endelea kushuku.

Mimi niliondoka na fundisho hilo nikalipeleka mbali mno. Niliishuku kondensa, nikaushuku waya, nikamshuku aliyeniuzia waya, na sikujua pa kuishia.

Tena kazi yenyewe hapa ziwani inakufundisha kushuku. Mwenye redio hapa hakuachii redio yake hivi hivi. Anaamini kwamba akigeuka tu, fundi atatoa spika nzuri na kuweka mbovu. Basi kila mtu huweka alama yake ndani kabla ya kuileta. Wengine hufunga uzi wa wavu kwenye sumaku ya spika, fundo ambalo wao wenyewe tu wanaweza kulifunga. Bana Mwape, kiongozi wa kwaya ya kanisa letu, alichora misalaba mitatu chini ya transfo, yaani transfoma, kwa msumari. Mvuvi mmoja wa kisiwa cha Kilwa, hiki cha humu ziwani, aliweka chisense mmoja mkavu, yule dagaa wetu wa hapa, katikati ya waya. Nilipofungua redio nikamwona, nikadhani ameingia kwa bahati mbaya, nikampa paka. Mwenyewe aliporudi, redio ilikuwa inaimba vizuri kabisa, lakini tulibishana asubuhi nzima juu ya samaki. Alisema fundi asiyeweza kutunza samaki mmoja hawezi kutunza transfo. Mpaka leo hajaniletea kitu kingine.

Na mimi nilikuwa na alama yangu. Mke wangu Feza ana kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu ya kuwaka. Kila kitu cha thamani kilichotoka mkononi mwangu nilikitia nukta moja ndogo, mahali ambapo asiyejua hataangalia. Transfo, spika, chini ya bodi. Miaka na miaka, rangi ile haikunidanganya hata mara moja. Kumbukeni hilo. Ndilo lililoniponza.

Sasa lampi. Ninyi mmezaliwa na bodi zenye vidude vidogo kama mbegu za pilipili, kwa hiyo nieleze. Lampi ni chupa ya kioo yenye vyuma ndani. Ikipata umeme inawaka, na ikishapata moto ndipo inakuza sauti ya gita. Gita likipita kwenye lampi linapata kifua. Sijui niseme vipi zaidi. Ampli zenu za siku hizi zinapiga kelele, lakini haziimbi, na mkitaka kubishana njooni na gita.

Papa Mukalay alikuwa na lampi nne kubwa alizozitoa kwenye mashine ya sinema ya zamani. Siku nilipovuka ziwa kukimbia vita, yeye alikataa kuondoka. Alizitia lampi zote nne ndani ya soksi yake ya sufu, akazifunga, akaniwekea mapajani nikiwa tayari nimekaa kwenye mashua.

"Usipakate mutoto wa mutu," alisema. "Pakata hizi."

Sikumwona tena. Habari zilinifikia baadaye, nami sitaziandika hapa. Soksi ninayo mpaka sasa.

Nilifika ufukwe huu wa Nchelenge sina hata bisibisi. Aliyenipa mahali pa kukaa ni Ba Chola. Alikuwa na kibanda kikubwa cha kujengea mashua pale ufukweni, akanipa pembe moja, akanipigilia humo meza kwa mabaki ya mbao. Hakuniuliza natoka kabila gani wala nitakaa mpaka lini. Kwa tabia yangu nilijiuliza anataka nini kwangu. Nilingoja mwaka mzima aseme anachotaka. Hakusema, na mimi, badala ya kutulia, nikazidi kumwangalia kwa pembe ya jicho.

Ikafika mwaka ambao kwaya ya Chienge ilikuwa inakuja kuimba na kwaya yetu. Ampli ya kanisa ilikuwa na sauti ya nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Nikamwambia Bana Mwape nitamtengenezea ya lampi. Alikunja uso.

"Ba Ilunga, bintu bya zamani? Bikifa mu katikati ya wimbo, tutasema nini ku bageni?"

"Haifi," nikamwambia.

"Wote munasema vile," akajibu, lakini akakubali.

Nilichukua mbili katika zile nne, mbili nikaziacha kwenye soksi. Sahani ya kubebea vyuma niliikata kwenye mlango wa friji iliyotupwa. Kumbukeni kutenganisha transfo mbili na kuzigeuza zisitazamane, la sivyo zitasengenyana na mtasikia mvumo usioisha. Waya wa umeme wa ukutani upite mbali na waya wa gita. Nilipomaliza niliziwasha lampi kwa dakika mbili tatu tu, nikaona zinawaka, nikazima. Zilipopoa nikafungua kichupa cha Feza, nikatia nukta nyekundu kwenye kioo cha kila moja, ubavuni. Nikapuliza ikakauka. Nikampelekea Ba Chola chombo chote pamoja na lampi zake, ili apime na kutengeneza kasha la kukizunguka.

Kuhusu mbao, mwulizeni yeye, si mimi, lakini machache nimeyaiba kwa kumwangalia. Wauza mbao watakuambia ubao umekauka. Usiwasikilize. Uweke ubao shavuni: ukihisi ubaridi, bado una maji ndani, na utakuja kupasuka ndani ya nyumba yako mwenyewe. Kisha ugonge kwa kifundo cha kidole na usikilize. Ba Chola aligonga mbao za mulombwa, ile mbao nyekundu ambayo wengine huita mninga, akatupa tatu, akabakiza nne. Maungio aliyakata yakashikana kama vidole vya mikono miwili, bila msumari hata mmoja. Halafu akataka kuyaziba kwa pamba na lami, kama mashua. Nikamwambia hili si la kuelea.

"Kama maji haipite, sauti yako haitavuja," akasema.

Lami nilimkatalia, kwa sababu joto lingeiyeyusha. Lakini ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya matundu. Lampi zinatoa joto kali, lazima kasha liwe na matundu juu na nyuma. Ba Chola alishika keekee akanitazama kama mtu aliyeambiwa avue nguo sokoni, akakataa kwa lugha ya hapa, huku akiniita bwana.

"Awe, mukwai! Miaka yote bantu banakuya kwangu juu ya kuziba matundu. Leo weye unataka nitoboe?"

Alitoboa. Alitoboa kwa uchungu, lakini alipanga matundu yale vizuri mno, mstari kwa mstari. Siku mbili chombo kilikaa kwake. Siku ya tatu nikakichukua kikiwa ndani ya kasha lake, jekundu, limepigwa msasa mpaka linang'aa, mgongo umefungwa kwa skrubu. Lilikuwa zuri mno. Nililibeba moja kwa moja mpaka kanisani kwa mazoezi, bila kufungua nyuma. Hilo ni kosa la kwanza. Ukiwa mtu wa kushuku, basi shuku kwa wakati wake.

Mazoezi yalichukua mchana mzima. Saa ya kwanza sauti ilikuwa tamu hata Bana Mwape akasahau kukunja uso. Saa ya tatu ikaanza kukwaruza. Mara inaimba, mara inakohoa, mara kimya. Bana Mwape akaukunja uso tena. Wageni walikuwa wanakuja wiki inayofuata.

Asubuhi yake nikafungua mgongo wa kasha nyumbani kwangu. Nikachomoa lampi ya kwanza, nikaitazama ubavuni. Hakuna nyekundu. Ya pili, hakuna. Palikuwa na doa hafifu la kahawia, kama chai iliyokauka, na mimi nikaona ndio ushahidi kamili: hizi ni lampi chafu, kuukuu, za mtu mwingine. Zangu zimeuzwa. Na aliyekaa nazo siku mbili ni mmoja tu.

Mtaniuliza, wewe fundi wa miaka yote hiyo hukufikiri? Nilifikiri sana. Mwenye kushuku hufikiri kuliko watu wote, ila anafikiri upande mmoja. Nilikumbuka juzi yake Ba Chola alizungumza na mfanyabiashara wa kutoka ng'ambo. Nilikumbuka aliwahi kuniuliza, "Hizi lampi bado zinapatikana?" Nilikumbuka hata ile pembe ya kibanda aliyonipa bure. Nikasema, kumbe. Kumbe ndicho alichokuwa anangoja.

Nilikwenda ufukweni mchana kweupe. Ba Chola alikuwa juu ya mashua aliyokuwa anamjengea Ba Musonda, mvuvi mkubwa wa kisiwa cha Kilwa, na Ba Musonda mwenyewe alikuwapo pamoja na wavuvi wengine wanaorekebisha nyavu. Sikuamkia mtu.

"Ba Chola, lampi yangu iko wapi?"

"Si iko mule mu ampli? Uliibeba weye mwenyewe."

"Ile hapana yangu. Yangu iko na alama. Tosha bintu yote mu mifuko."

Akashuka kwenye mashua polepole. Ni mtu mzima kuliko mimi. "Mu mifuko yangu?"

"Ndiyo. Hapa, mbele ya bantu."

Nilitegemea atanipiga. Ningependa angenipiga. Alichofanya ni kutoa vitu kimoja kimoja na kuvipanga juu ya ubao wa ile mashua: futi ya kupimia, penseli fupi ya seremala, misumari minne, kitambaa, kikaratasi cha tumbaku. Alipomaliza aliigeuza mifuko yenyewe, ikaning'inia nje pande zote mbili, kitambaa chake cheupe kikionekana. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini tu:

"Na mu kinywa, mukwai? Niachame?"

Hakuna aliyecheka. Nikaondoka huku nikisema kwa sauti kubwa kwamba mwizi hafichi mali mfukoni, anaiuza. Maneno hayo ndiyo yaliyobaki ufukweni nilipoondoka.

Nyumbani niliifumua ampli yote kwa hasira na kulehemu upya kila kiungo. Nilikuta kiungo kimoja baridi, risasi ya kulehemu ilikuwa imegusa waya bila kuushika. Nilikilehemu mwenyewe. Nikakirekebisha, nikarudisha zile lampi "mbovu", na ampli ikaimba kuliko mwanzo. Wageni wa Chienge walikuja, wakaimba, wakaomba hata kuliangalia lile kasha. Mtu mwenye akili angejiuliza hapo: lampi mbovu zinaimbaje hivi? Mimi nikajijibu kwamba mwizi ameniachia nzuri kidogo ili nisigundue. Ukishamfanya mtu mwizi, hata wema wake unakuwa ushahidi.

Wakati huo Ba Musonda alikwisha kuja na watu wake kuchukua mbao zake, mashua ikiwa nusu. Hakumtukana Ba Chola. Alisema tu kwamba ameamua kungoja. Mashua si kitu kidogo: unampa fundi mbao zako na misumari yako, na mwisho unampa uhai wako na wa wanao. Huwezi kumpa mtu ambaye mifuko yake imepekuliwa hadharani. Wengine nao wakaamua kungoja. Ba Chola akabaki na kazi za milango na viti vya mashule. Mimi nilihamisha meza yangu kwenda sokoni. Tulikuwa tukipishana njiani, yeye ananiamkia, "Mulishani, mukwai," na mimi naitikia nikitazama pembeni.

Ilipita misimu miwili ya mvua. Siku moja nikaombwa kupeleka ampli ile ya kanisa kwenye harusi, nikaona niandae na zile lampi mbili zilizobaki kwenye soksi, za akiba. Ilikuwa asubuhi, jua limejaa uani. Nikazitia alama kwanza, kwa kichupa kile kile, kwa sababu sasa nilikuwa nashuku maradufu. Nikazichomeka kwa muda mahali pa zile za kwanza, nikawasha, nikaacha mgongo wazi nizijaribu kwa muda mrefu. Nilikuwa nageuka kuchukua gita pale Feza alipotoka jikoni.

"Papa, unaunguza nini? Inanuka sawa rangi yangu ya kucha."

Nikainama kutazama. Ile nukta nyekundu ilikuwa imekwisha kuwa ya kahawia. Nikiwa natazama ikafanya weusi pembeni, ikajikunja, ikabanduka kwenye kioo. Kipande kidogo kama ganda la mtama kikaangukia kwenye sahani. Pakabaki doa hafifu, kama chai iliyokauka. Ile ya pili ikafuata.

Nilikaa chini uani. Miaka yote nilikuwa natia rangi kwenye vitu baridi: transfo, spika, bodi. Sikuwahi kutia rangi kwenye kitu kinachoungua, mpaka zile lampi za Papa Mukalay. Lampi zangu hazikuwa zimetoka ndani ya kasha hata dakika moja. Alama niliichoma mwenyewe, kwa muziki wa mchana mmoja kanisani.

Feza alikiokota kile kipande, akakiweka kwenye kiganja changu. "Bon, haya," akasema. "Na Ba Chola?"

Sitawadanganya kwamba nilikimbia kwenda kwake. Nilikaa siku tatu. Niliona haya. Siku ya nne nikaenda, nikamkuta anapiga randa mlango wa choo cha mtu. Nikamweleza yote, na kipande cha rangi nikakitoa kwenye karatasi nikamwonyesha. Alikitazama, akaweka randa chini.

"Ile siku ulisema wapi?"

"Pa ufuko."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya bantu."

"Na leo umekuya na nani?"

"Niko miye moja."

"Basi bado haujakuya," akasema, akaendelea na randa. Nilipofika mlangoni akaongeza, "Na Ba Musonda akuwe pale."

Kilwa hakuna barabara ya kwenda, ni mashua tu, na mimi tangu siku ya vita naogopa ziwa. Nilivuka. Njia nzima nilikuwa natazama chini ya miguu yangu nikitafuta maji yanayoingia, maana mashua nazo nazishuku. Sikuona hata tone. Nilipomuuliza mwenye mashua nani aliijenga, akanijibu kama mtu anayejibu swali la kipumbavu: "Ba Chola."

Ba Musonda alinisikiliza akiwa amesimama. Akasema atakuja, si kwa ajili yangu.

Jumapili ile kanisani, Ba Musonda na wale wavuvi wakiwapo, nilimwomba Bana Mwape kipaza sauti. Tulikichomeka kwenye ampli ile ile, kwenye kasha lile lile. Nimetengeneza vyombo vya sauti maisha yangu yote na sikuwa nimewahi kusema mbele ya kimoja. Kila pumzi yangu ilisikika. Nilisema: mimi Ilunga nilimwita Ba Chola mwizi, nikampekua mifuko mbele ya watu. Lampi hazikuibwa. Ziko humu ndani ya ampli hii, ndizo zinazowaletea sauti yangu sasa hivi. Alama niliiunguza mwenyewe. Mwongo ni mimi. Nilitaka kuongeza mengine, sauti ikakatika, na safari hii hakikuwa kiungo baridi.

Ba Chola alisimama kule nyuma. "Natotela, mukwai," akanishukuru, akakaa. Bana Mwape akaanzisha wimbo haraka, naamini kwa kunihurumia.

Msidhani mambo yaliisha hapo. Jina likichafuka hulisafishi kwa dakika tano za kipaza sauti. Wako waliosema nimelipwa niseme vile. Wako waliosema nimetishwa. Ba Musonda alirudisha mbao zake mwaka uliofuata, na wengine wakamfuata mmoja mmoja. Wawili hawakurudi kabisa. Ninawajua kwa majina, na kila nikiwaona sokoni nabadilisha njia.

Ba Chola alirudi kufanya kazi nami. Sikumwomba, sikuthubutu. Alikuja tu siku moja na futi yake, akauliza kasha linalofuata ni la ukubwa gani. Tulifanya kazi mpaka jioni, tukabishana juu ya matundu kama zamani, nikafurahi kuliko nilivyofurahi tangu nivuke ziwa. Wakati wa kuondoka, akasimama mbele ya meza yangu. Akatoa futi. Akatoa penseli. Akatoa misumari, kitambaa, kikaratasi cha tumbaku, akavipanga. Akaigeuza mifuko. Akangoja.

Nilimsihi aache. Nilimsihi siku ile, na mara nyingi baada ya siku ile. Hunijibu, "Ee, mukwai," kwa heshima kabisa, halafu hungoja mpaka nitazame. Nisipotazama haondoki. Tumetengeneza makasha mengi tangu hapo, sikuyahesabu, na hakuna hata siku moja aliyosahau.

Kwa hiyo ninyi watatu mliokuwapo mwezi uliopita mkaona vitu vimepangwa mezani, na mmoja akajiziba mdomo kwa kucheka, sasa mnajua. Alama za lampi wekeni kwenye kitako, kwenye plastiki ya chini, kamwe si kwenye kioo. Kondensa ishukuni mpaka siku ya kufa. Lakini ukitaka kumwambia mtu atoe vitu mfukoni, kwanza washa chombo chako, kaa mbele yake mchana mzima, ukiangalie mwenyewe kinafanya nini.

Ninyi mlikuwa mmekwisha kutoka na ampli yenu pale lililofuata lilipotokea. Ba Chola alikuwa anarudisha vitu vyake mfukoni. Penseli ikamponyoka, ikabingirika, ikaanguka chini upande wangu. Niliiokota. Nilitaka kumrudishia mfukoni mwake kwa mkono wangu mwenyewe, nikaunyoosha mkono. Akaushika hewani, akaugeuza taratibu mpaka penseli ikawa mbele ya macho yangu.

"Angaria muzuri, Ba Ilunga," akasema. "Ni yangu?"

Nimemjua mtu huyu miaka mingi. Niliutazama uso wake kwa muda mrefu, kwa jicho langu lote la fundi, na sikuweza kujua kama alikuwa anatania.